Sura ya Sita: Mzigo Urudi kwa Mwenyewe

Mjini Kassel, Ujerumani, kuna bustani kubwa iitwayo Karlsaue, na ndani yake kasri la manjano liitwalo Orangerie. Watawala wa huko walilijenga mwanzoni mwa karne ya 18 wapate pa kuhifadhia michungwa yao wakati wa baridi. Mbele ya kasri umetandazwa uwanja wa majani unaotunzwa vizuri mno. Mwaka 2022, kwa siku 100 za maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, palisimama hapo kibanda kilichojengwa kwa marobota ya mitumba.

Ni mitumba hii hii unayoijua: nguo zilizoshindiliwa kwa mashine mpaka zikawa ngumu, zikafungwa mikanda, kisha zikapangwa robota juu ya robota zikawa kuta. Waliokijenga ni The Nest Collective, kundi la wasanii wa Nairobi. Ndani mgeni alitazama filamu ambamo Wakenya wanaieleza biashara ya nguo kuukuu, na nje, juu ya yale majani ya kifahari, zilimwagwa taka za vifaa vya umeme. Kazi yenyewe waliiita Return to Sender, maneno ambayo posta huyagonga kwenye barua iliyokosa mpokeaji ili irudi ilikotoka.

Mjerumani aliyesimama mbele ya kibanda kile alikuwa anaona kitu kigeni, ingawa huenda shati lake la zamani lilikuwa humo ndani. Kwao nguo iliyochosha hutumbukizwa kwenye sanduku la msaada pembeni mwa barabara, na aliyeitoa huenda zake na moyo mweupe, akijua kuna maskini mahali fulani atasitirika. Robota halioni. Haoni kwamba sadaka yake ilipimwa kwa kilo, ikachambuliwa, ikauzwa, ikapakiwa kwenye kontena, ikauzwa tena bandarini, ikauzwa tena kwa jumla, na kwamba mpaka inafika mgongoni mwa mtu huko Afrika imeshalipiwa mara kadhaa.

Sisi tunalijua robota kutoka upande wa pili. Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, mchuuzi hununua mzigo akiwa haujui. Belo halifunguliwi ndipo ulipe. Unalipa ndipo ulifungue. Mikanda inakatwa alfajiri huku wateja wake wa siku zote wamesimama kichwani pake, na nguo za kwanza, zile ambazo Nairobi huitwa kamera, zinanyakuliwa kabla hazijagusa chini. Kadiri jua linavyopanda ndivyo bei inavyoshuka. Jioni yanabaki yale ya kufagia: sweta lenye doa la mafuta, suruali isiyo na zipu, koti zito la theluji ambalo hakuna mtu wa Ukanda wa Pwani atakayelivaa hata kwa kulipwa. Mengine huishia gereji kuwa matambara. Mengine huchomwa, na Gikomba, soko lililo kando ya Mto Nairobi, mabaki hujazana kingoni mpaka ukingo wenyewe umekuwa wa nguo. Mzigo ukiwa mbaya, hasara ni ya aliyekata mikanda. Aliyeshona, aliyevaa mara mbili na aliyetupa hawamo kwenye hesabu hiyo.

Serikali zetu zilishajaribu kuurudisha. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondoa nchi hizi kwenye mpango wa AGOA uliokuwa ukiziruhusu kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda peke yake ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Walichoshindwa wakuu wa serikali zetu kwa mikataba, wasanii wa Nairobi walikifanya kwa miezi mitatu kwenye majani ya wenyewe. Sisemi kwamba walibadilisha biashara. Makontena hayakusimama hata siku moja. Lakini anwani ya mtumaji ilisomeka, na katika sanaa ya taka jambo hilo ni adimu kuliko mtu anavyodhani.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na sehemu kubwa ya sanaa ya aina hii. Kila mwaka, ikifika Siku ya Mazingira, tunaletewa maonyesho ya wanyama waliotengenezwa kwa chupa za plastiki na vikapu vilivyosukwa kwa mifuko ya maziwa, na ukutani bango: Taka ni Mali. Kazi za mikono ni njema, na wanaozifanya wanastahili riziki yao. Ila bango linadanganya. Linamfanya mtengenezaji wa chupa aonekane mfadhili aliyetugawia malighafi. Mwenye kiwanda anasimama kupiga picha karibu na twiga wa plastiki, anakabidhi cheti, na kesho yake mitambo inaendelea kutema chupa usiku na mchana. Twiga mmoja amemfutia dhambi za mwaka mzima.

Msanii makini hamrahisishii mtu mambo namna hiyo, na sijui aliyekwenda mbali zaidi katika hilo kuliko Mwingereza Michael Landy.

Februari 2001 Landy aliingia kwenye jengo lililokuwa duka la C&A katika Oxford Street, mtaa wa maduka mashuhuri kuliko yote London. Kampuni hiyo ya nguo ilikuwa imeamua kuondoka Uingereza, na duka limebaki tupu. Kabla ya hapo alikuwa ameorodhesha kila kitu anachomiliki. Kila kitu: soksi, vijiko, barua za mapenzi, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, gari lake aina ya Saab, kazi zake mwenyewe za sanaa na kazi alizopewa na rafiki zake, zikiwemo za Damien Hirst na Tracey Emin ambazo angeweza kuziuza akala miaka. Orodha ilifika vitu 7,227, kila kimoja na namba yake. Kisha kwa wiki mbili, yeye na wasaidizi wake waliovaa ovaroli za bluu walivifumua vitu hivyo kimoja kimoja, wakavipitisha kwenye mashine ya kusaga. Vilizunguka ndani ya trei za njano juu ya mkanda mrefu wenye mota, uliopinda kutoka meza hadi meza pale pale ambapo zamani zilitundikwa nguo zenye bei. Kazi hiyo aliipa jina la Break Down.

Watu wapatao 45,000 walikuja kutazama. Wengine waliingia kwa bahati, mifuko ya manunuzi mkononi, wakidhani duka limefunguliwa upya. Hakikuuzwa chochote, hata kitambaa cha kumbukumbu. Mama yake Landy naye alikuja, akaanza kulia, na mwanawe akaona hawezi kuendelea na kazi huku mama analia, akaomba atolewe.

Kitu kilichozunguka mkandani kwa muda mrefu kuliko vingine kilikuwa koti la ngozi ya kondoo. Lilikuwa la baba yake, mchimbaji wa mahandaki aliyeumia kazini mwaka 1977 asirudi kazini tena. Wasaidizi walikuwa tayari wamesaga gari na picha na majarida, na bado koti linapita. Kila mtu mle ndani alijua ni la nani. Lilisagwa mwisho kabisa.

Wako wanaoichukulia kazi hii kuwa mahubiri dhidi ya tamaa, na mimi naiona ina hila zaidi ya hapo. Kama lengo lingekuwa kuacha mali, angeigawa. London haikosi wahitaji. Alichokifanya ni kuendesha kiwanda kinyumenyume. Mkanda, ovaroli, namba, mafungu, zamu: vyote ni vifaa vya kutengenezea bidhaa, ila huku mwisho wa mkanda kinatoka kifusi. Na kifusi hakikupambwa. Kilipimwa tani 5.75, kikaenda kufukiwa jalalani kama uchafu wa mtu mwingine yeyote. Landy akabaki na ovaroli aliyovaa. Akanunua tena mswaki, akanunua tena nguo, kama binadamu wengine, na nina hakika hakuna alichokitangaza kwa hilo. Wakosoaji wake walisema ni anasa ya mtu anayeishi kwenye wingi: maskini hawezi kusaga koti la babake. Ni kweli. Lakini hiyo nayo ni habari kuhusu wingi, na yeye hakuificha.

Wakati Landy anasaga, huko Beijing mama mmoja alikuwa hatupi. Zhao Xiangyuan alizaliwa 1938, akalea watoto katika miaka ambayo Wachina wa mijini walinunua mahitaji kwa kuponi. Alijifunza kuweka, na hakuacha hata maduka yalipofurika. Mumewe alipofariki mwaka 2002, kuweka kukageuka kuwa namna ya kuomboleza. Nyumba ikajaa mpaka hapapitiki. Mwanawe, msanii Song Dong, hakumwambia mama atupe. Alimwomba waifanye kazi hiyo pamoja. Mwaka 2005 walivitoa vitu vyote, vikazidi 10,000, wakavipanga sakafuni kwenye ukumbi wa maonyesho kuzunguka kiunzi cha mbao cha nyumba yao. Viatu kwa viatu, chupa kwa chupa, mirija ya dawa ya meno iliyokamuliwa ikakauka, vizibo, mabakuli, mifuko ya plastiki iliyokunjwa pembetatu kwa nidhamu ya ajabu.

Humo mlikuwa na vipande vya sabuni ya kufulia, vikavu kama mawe, vingine vikiwa na umri mkubwa kuliko Song Dong mwenyewe. Katika miaka ya mgawo, mama alikuwa akifua kwa kubania ili kila mwezi kipande kibaki, maana aliogopa watoto wake wakioa watakosa sabuni. Song Dong alipooa, mama akamkabidhi sabuni zake. Kijana akacheka: nyumbani ana mashine ya kufulia. Miaka baadaye aligundua mama hakuzitupa, alizirudisha zilipokuwa. Nani kati yetu hana mama au bibi wa namna hii? Kopo la Blue Band lina pilipili, bati la biskuti lina nyuzi na sindano, na kabatini mna seti ya vikombe vya wageni ambao hawajafika tangu Uhuru.

Kazi hiyo, Waste Not, ilizunguka miji mingi. Mwaka 2009 ilikuwa katika jumba la MoMA, New York. Katika maonyesho ya awali mama alikuwa akikaa humo ndani, akiongea na wageni wa rika lake waliokuwa wakivitambua vitu na kusimuliana. Alifariki Januari 2009, kabla kazi haijafika New York, baada ya kuanguka alipopanda ngazi kumwokoa ndege aliyejeruhiwa. Song Dong na familia yake wakaendelea kuvipanga vitu bila yeye.

Mimi huziweka kazi hizi mbili pamoja kwa sababu kila moja inaifanya nyingine isieleweke kirahisi. Ukitoka kwa Landy unaweza kuapa kwamba mali ni mzigo. Ukiingia kwa mama Zhao unakuta mtu ambaye kwake kutupa ndiko kuliko anasa, na wingi umemkuta ameshazoea uhaba, hajui la kufanya nao. Afrika Mashariki tunaishi kote kuwili kwa wakati mmoja, wakati mwingine ndani ya nyumba moja: bibi anaosha kopo la mtindi alitunze, mjukuu ananunua maji ya chupa na kuirusha chupa dirishani mwa daladala.

El Anatsui nampitia haraka, si kwa kumdharau, ameshaandikwa sana. Alizaliwa Ghana mwaka 1944, akafundisha miongo kadhaa Nsukka, Nigeria, na mwishoni mwa miaka ya 1990 akaanza kuunganisha vifuniko vya chupa za pombe kali kwa waya wa shaba. Vijana wake huvipondaponda, huvikunja na kuvifunga kimoja kimoja mpaka panatokea pazia la dhahabu na nyekundu linaloweza kufunika uso wa ghorofa, kama alivyofanya Venice mwaka 2007. Mwaka 2015 maonyesho ya huko yakampa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Waandishi wa Ulaya walimpokea kama bingwa wa kugeuza taka kuwa uzuri, na yeye kwa miaka yote amekuwa akilikwepa joho hilo. Kwake kifuniko kina historia. Pombe ndiyo waliyokuja nayo wafanyabiashara wa Ulaya kwenye pwani ya Afrika Magharibi kubadilishana kwa bidhaa, na bidhaa hizo baadaye zikawa watu. Anayeona urejelezaji tu ameishia juu juu. Ajabu ni kwamba mapazia hayo sasa yanauzwa zaidi ya dola milioni 1 kwa watu wanaojaza nyumba zao vitu vya namna hiyo. Soko la sanaa lina tumbo lisilojaa: Novemba 2024 mnada wa Sotheby's, New York, uliuza ndizi iliyobandikwa ukutani kwa utepe, kazi ya Mwitaliano Maurizio Cattelan, kwa dola milioni 6.2. Mnunuzi akaila.

Karibu na kwetu zaidi, Septemba 2018 Lamu ilishusha majini jahazi la mita 9 liitwalo Flipflopi. Fundi mkuu wake, Ali Skanda, ni mtu wa Lamu aliyekulia kwenye ufundi wa vyombo. Mkuku, mataruma na mbao zake vyote ni plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, tani 10 kwa jumla, na ubavuni limevishwa kandambili 30,000 zilizokatwakatwa, rangi juu ya rangi. Plastiki si mti. Hupanuka juani, haichongeki kama mvule, na fundi aliyezoea kusikiliza mbao kwa shoka ilibidi ajifunze upya mkono wake. Januari 2019 chombo kilifuata kaskazi mpaka Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi, kikitia nanga miji ya pwani na kufungua mazungumzo na wanafunzi, wavuvi na wakubwa wa serikali. Kenya ilikuwa imeshapiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Tanzania ikafuata Juni 2019.

Kuna watakaosema hiyo ni kampeni, siyo sanaa, na wana hoja: chombo kina ujumbe mmoja nao umeandikwa mavazini. Ninachokipenda ni kandambili zenyewe. Hazikutupwa zote na watu wa Lamu. Bahari ya Hindi huzisomba kutoka kote zilikoshindwa kuzuiwa, ikazilaza kwenye fukwe za watu ambao hawakuzinunua. Ni robota la Gikomba, tofauti ni kwamba hili halina hata aliyelilipia.

Limebaki swali la watu wanaoishi kwa kuzigusa taka zenyewe, na hapa wasanii wengi huanguka. Mbrazili Vik Muniz alikaribia kuanguka, akajishika. Alikwenda Jardim Gramacho, dampo kubwa nje ya Rio de Janeiro, akawapiga picha waokotaji, kisha akawalipa wapange takataka sakafuni mwa ghala mpaka zifuate sura zao, naye akapiga picha kutoka juu. Kiongozi wao, Tião Santos, alikaa kama Marat, mwanamapinduzi wa Ufaransa aliyeuawa, katika mchoro wa Jacques-Louis David. Picha hiyo iliuzwa mnadani London kwa pauni 28,000, fedha zikaenda kwa chama cha waokotaji. Filamu ya Waste Land ya mwaka 2010 inaonyesha hayo yote, pamoja na ubishi wa Muniz na wenzake kama ni haki kumtoa mtu dampo wiki chache, kumwonyesha dunia, kisha kumrudisha. Filamu hailijibu swali hilo, na dampo lenyewe lilifungwa Juni 2012.

Mierle Laderman Ukeles wa New York hakuwatoa watu kokote. Tangu 1977 amekuwa msanii mkaazi wa idara ya usafi ya mji huo, bila mshahara. Kati ya 1979 na 1980 alizunguka vituo vyote, zamu za usiku na alfajiri, akampa mkono kila mzoa taka, watu 8,500, akimshukuru mmoja mmoja. Mwaka 1983 alilivisha lori la taka vioo kila upande, likapita mitaani wenye taka wakijiona. Na alipokuwa akiwapa mikono aliwauliza wanavyotukanwa, wakamwambia: majina ya kila namna, ya mdomoni na ya machoni. Mwaka 1984 aliyaandika matusi hayo kwenye vioo vya madirisha ya ukumbi wa maonyesho, akaita watu wa mji, wenye vyeo wakiwemo, waje na vitambaa wayasugue mpaka yatoke.